Siku Niliyoogopa Kusema Tumbo Mbele ya Mkwe

Aibu hii naomba niisimulie mwenyewe, maana nikiwaachia wachimbaji wa dhahabu wa huku Kharumwa mtaambiwa kwamba niliogelea kwenye samli ya mama mkwe, na sikuogelea, ni mkono mmoja tu ulioingia, tena mpaka kwenye kiwiko na si zaidi. Mengine mliyoyasikia ni ya kweli. Ni kweli nilisimama mbele ya kanisa lililojaa, nimevaa suti ya kaka yangu, nikahubiri habari za kitu ambacho watu wote walidhani ni kitu kingine, na ni kweli mama mkwe wangu alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa. Haya, sogeeni.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Nilikuwa mtu wa minada, nanunua ng'ombe Kishapu nauza Kahama, na ndivyo nilivyompata mke wangu Kabula, kwa sababu mama yake aliona kijana mwenye ng'ombe akasema huyu atamlisha mwanangu. Halafu nikaokoka (ndiyo, mnadani hapohapo, msicheke), nikauza ng'ombe, nikaenda chuo cha uinjilisti, na huko ukweni wakabaki na mkwe asiye na hata mbuzi, anayejifunza lugha ya watu wa mbali waliokufa zamani. Mama mkwe hakusema neno. Lakini mama wa Kisukuma akinyamaza mwaka mzima juu ya jambo moja, jua kwamba ameshasema, tena ameshasema sana.

Kigiriki chenyewe kilikuwa cha muhula mmoja. Wenzangu wengi walikisahau kabla basi halijafika stendi, ila mimi kikanipanda kichwani, na katika hicho kidogo nilichobeba kulikuwa na neno moja lililoninyima usingizi kwa utamu wake: koilia. Mwalimu wetu alituambia maana yake ni tumbo, kisha akatuonyesha lilikotoka, kwamba nyuma yake kuna neno koilos, yaani kitu chenye uwazi ndani. Wagiriki wa kale waliliita hivyo bonde, waliliita hivyo pango, hata merikebu kwa ule uwazi wake wa kubebea mizigo. Kutoka hapo wakapata koilia, na humo wakatia tumbo la chakula, matumbo yenyewe, tumbo la uzazi, mpaka undani wa mtu, kule anakoficha asilomwambia mwenzake. Neno moja na limebeba vyote hivyo. Nikasema moyoni, hili nitalihubiri siku moja na watu watalia.

Siku hiyo ikaja mapema. Kanisa letu lilikuwa linatafuta mwinjilisti wa kwenda kusimamia mtaa mpya, yaani tawi dogo la kanisa, kule machimboni, na mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Mzee Luhende, mtu mrefu asiyecheka bila sababu ya maandishi, akaniita akaniambia, "Kijana, Jumapili ya mavuno unahubiri wewe. Ukiwagusa watu, mtaa ni wako. Usipowagusa tutakunywesha chai, utarudi kwa ng'ombe zako." Nikamwambia ng'ombe sina tena. Akasema, "Basi waguse."

Wiki nzima nilitamba. Nilimwambia kila niliyekutana naye kwamba Jumapili kutakuwa na neno la Kigiriki, njooni na watoto. Kabula alikuwa ananiangalia tu huku anachambua mchicha, na mimi sikujua kwamba ameshapiga simu kwao. Alitaka kunifurahisha. Alimwambia mama yake, njoo umsikie mkwe wako, usiendelee kukaa na hasira huko Kishapu. Mama akaja Jumamosi, akalala kwa dada yake hapo mjini (mama mkwe halali nyumba ya mkwe, hilo mnalijua), na akaja na sadaka yake ya mavuno, na mimi sikuambiwa lolote kwa sababu eti ni zawadi ya ghafla. Jamani, mwanaume asifanyiwe zawadi ya ghafla siku anapohubiri.

Basi nimekwishapanda mimbarini, nimekwisha kusema Bwana asifiwe, watu wameitika, nainua macho kwa madaha, namwona mama mkwe. Mzee Luhende, kwa heshima ya mgeni, alikuwa amemtoa nyuma alikokuwa amejificha vizuri akamweka mbele, mahali ambapo kama angenyoosha mguu angenigusa kiatu.

Kwa wasio wa huku niwaeleze, ili msinione mjinga kuliko nilivyo. Kwetu mkwe haangaliwi machoni. Huli mbele yake. Mkikutana njia nyembamba, mmoja anaingia kwenye shamba la pamba mpaka mwenzake apite. Mkiwa na jambo la kuambiana, linapitia kwa mtu wa katikati. Na viungo vya mwili, kuanzia shingoni kushuka, havitajwi, na katika hivyo visivyotajwa tumbo la uzazi ndilo linaloongoza, kwa sababu ndilo lililomzaa mkeo. Kusema tumbo kwa Kiswahili mbele yake ni vibaya. Kulisema kwa Kisukuma ni bora uhame wilaya.

Na mimi nilikuwa na mahubiri ya tumbo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mengine sikuwa nayo. Kumwomba ahame benchi ingekuwa kumfukuza mbele ya watu. Kushuka ingekuwa kuuacha mtaa, na kumthibitishia kwamba alimtoa binti yake kwa mtu asiye na ng'ombe wala Neno. Jasho likaanza kunitembea mgongoni, ndipo nikaamua jambo dogo ambalo nililiona la busara sana wakati ule: sitasema tumbo, nitasema koilia tu, watu wataelewa taratibu kwa maelezo.

"Ndugu zangu," nikaanza, "leo kila mmoja wetu amekuja hapa na koilia yake."

Mama mmoja akafungua mkoba wake akachungulia.

"Ya wengine ni kubwa, ya wengine ni ndogo, lakini hakuna aliyeiacha nyumbani."

Kule nyuma walikuwa wamekaa wachimbaji, wamekuja na mabuti yao kwa sababu ya lile tangazo langu la wiki nzima, na mmoja wao, jitu linaloitwa Shija, akanyoosha mkono. Kanisani hatunyooshi mikono, lakini yeye hakuwa mtu wa kanisani. "Mtumishi, samahani," akasema, "hiyo koilia inapatikana kwenye mwamba wa namna gani?"

"Haipatikani kwenye mwamba, ndugu yangu. Unayo hapo ulipokaa. Umezaliwa nayo."

Shija akajiangalia kwa chini, akafunga jaketi lake.

Hapo ningesimama. Mtu mwenye akili angesimama hapo, angesema tuimbe, angepata muda wa kufikiri. Mimi nikaona wanaanza kushika, nikakaza mwendo. Nikasema koilia ina uwazi kwa ndani. Nikasema ya mwanamke ina maajabu ambayo ya mwanaume haina, na kwamba sisi sote, hata Mzee Luhende mnayemwona hapa na tai yake, tulitokea humo. Nikasema wako watu hapa duniani kazi yao ni kuihudumia hiyo tu, asubuhi, mchana na jioni, mpaka imekuwa mungu wao, na usiku ikianza kudai chake mtu hapati usingizi. (Yote hayo, ukiyasema kwa tumbo, ni mahubiri safi kabisa. Yaseme bila kutaja tumbo uone utakachokuwa umesema.)

Kina mama wa upande wa kulia wakaanza kuziba watoto masikio. Mwanakwaya mmoja alikuwa anajipepea, akaacha kujipepea, pepeo likabaki hewani. Mke wangu, aliyekuwa mstari wa nyuma wa kwaya, alikuwa ananitikisia kichwa kwa namna ya mtu anayemkataza mbuzi kula nguo. Na mama mkwe, nilimtupia jicho la wizi, alikuwa amevuta kitenge kutoka kichwani mpaka kidevuni, haonekani hata pua.

Nikajua nimeharibu, ila sikujua nimeharibu wapi, kwa sababu kichwani mwangu mimi nilikuwa nasikia tumbo, tumbo, tumbo. Nikadhani shida ni kwamba hawajaelewa ule uwazi. Nikasema basi niwaonyeshe kwa mfano.

Chini ya mimbari kulikuwa na sadaka za mavuno: magunia ya mtama, maboga, pamba kwenye viroba, kuku wawili wamefungwa miguu, na chungu kimoja kirefu kizuri kimefunikwa kitambaa kilichofumwa. Chungu. Nikasema hicho ndicho, chungu kina uwazi, watu wote wanajua chungu. Nikashuka, nikakiinamia huku macho yangu nimewaelekezea watu kama tulivyofundishwa chuoni (usiache kuwatazama wasikilizaji), nikasema kwa sauti ya ushindi, "Koilia ni kama hivi," nikapitisha mkono pembeni ya kitambaa, nikautumbukiza.

Chungu hakikuwa kitupu. Kilikuwa cha samli, samli ya ng'ombe wa Kishapu, nzito, iliyokusanywa kidogo kidogo mwaka mzima, na mkono wangu ukazama na mkono wa koti la kaka yangu mpaka kiwiko kikagonga ukingo. Kutoka kwenye kwaya nikamsikia Kabula anasema kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia, "Chungu cha mama."

Ndugu zangu, mkwe hagusi hata kijiko cha mama mkwe wake. Mimi nilikuwa nimevaa chungu chake.

Nikautoa mkono. Samli ikatiririka mpaka sakafuni, kuku mmoja akaanza kudonoa. Mzee Luhende akainuka, akavuta koti lake, akasema, "Mwinjilisti. Hicho kitu unachokihubiri kitaje kwa jina lake, au ushuke."

Nikamwangalia. Nikaliangalia benchi la mbele. Hapo ndipo Kabula akaona aniokoe, akasema kutoka kule nyuma, "Baba Mwenyekiti, hawezi kukitaja. Anaona aibu mbele ya mama."

Msaada gani huo? Kama kulikuwa na mtu mmoja kanisani ambaye bado ana mashaka kwamba nahubiri mambo ya chumbani, alithibitishiwa sasa na mke wangu wa ndoa. Watu wakaguna. Wachimbaji wawili wakasimama ili waone vizuri. Nilianza kuhesabu hatua za kufika mlangoni, na nawaambia kweli, niliona mtaa umekwenda, niliona na ndoa imesimama pembeni inafunga mzigo wake, na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba yule mama amesafiri kutoka Kishapu na samli yake ya mwaka mzima kuja kuona jambo hili.

Ndipo mama mkwe aliposimama.

Alisimama akanipa mgongo, kama inavyotakiwa, akawaelekea watu. Hakuinua sauti. "Kabula."

"Abee, mayu."

"Kamuulize mumeo hicho kitu ni nini. Akwambie wewe sikioni."

Kabula akatoka kwenye kwaya na joho lake la kijani, akaja mpaka nilipo, akaniletea sikio. Nikamnong'oneza. Akanitazama usoni aone kama nina akili timamu. "Hicho tu?" Nikamwambia hicho tu. Mke wangu akaushika ukingo wa mimbari, akainama, mabega yakaanza kutikisika, na watu wakadhani analia, mama mmoja akasema masikini mtoto wa watu. Hakuwa analia. Ilimchukua muda kujikusanya, kisha akaenda kwa mama yake akamnong'oneza, huku bado anajifuta machozi.

Mama mkwe hakucheka. Alikitengeneza kitenge chake, akasema kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwenye mabuti kule nyuma:

"Mwambie mumeo mimi nimezaa mara tisa, na hakuna hata mmoja aliyetokea kwenye Kigiriki. Aseme tumbo."

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile ndani ya nyumba ya ibada. Kilianzia kwa kina mama, kikavuka kwa wazee, Shija akawa anapiga benchi kwa ngumi anasema, "Tumbo! Kumbe tumbo!" na hata Mzee Luhende, nilimwona kwa macho yangu, aligeuka ukutani na mgongo wake ukawa unacheka. Mama akangoja wanyamaze, akaongeza, "Na mwambie nimekuja kusikia Neno, sijakuja kuheshimiwa. Kuheshimiwa ningeheshimiwa nyumbani." Akakaa.

Kabula akanigeukia kunifikishia ujumbe kama desturi inavyotaka, ingawa nilikuwa nimeusikia na kanisa zima limeusikia. "Mama anasema useme tumbo."

Nikasema. Nikasema TUMBO, jamani, nikalisema kwa kifua chote, na nilipolisema tu kitu kikafunguka ndani yangu, hofu yote ikatoka na jasho. Nikaweka pembeni yale niliyokuwa nimeyapanga, nikahubiri na mkono unang'aa samli mpaka kwenye kiwiko. Nikawaambia wachimbaji, ninyi mnajua uwazi kuliko Wagiriki, mnashuka kwenye duara, lile shimo lenu la dhahabu, kila siku, mnajua kwamba shimo si mahali palipokosa kitu, shimo ndimo kinamotoka kila kinacholisha watoto wenu. Hivyo ndivyo wale watu wa kale walivyoliita tumbo, mahali penye uwazi, kwa sababu kisicho na nafasi ndani hakiwezi kupokea. Nikawaambia wakulima, mnalijua tumbo la mwaka wa ukame, msimwite mtu mwenye njaa mlafi. Mlafi ni yule ambaye uwazi wake umeshajaa na bado anaupigia magoti.

Halafu nikafika pale nilipokuwa napaogopa. Nikainamisha macho kwa heshima, nikasema Wagiriki hawakutafuta neno lingine la mahali anapokaa mtoto, walitumia lilelile, na sisi ambao hatukuwahi kuonana nao tukafanya vilevile, maana tunasema ndugu wa tumbo moja na hatuna maana ya ugali. Tunasema pia maneno haya yaweke tumboni. Chakula, mtoto na siri, watu wa mbali na watu wa hapa wote wameviweka nyumba moja. Kwa hiyo mama akikuambia wewe ni mtoto wa tumbo langu, anakuambia amekupa nafasi aliyokuwa nayo ndani, na kwamba aliipanua ikauma ili wewe upate kukaa. Nani hapa aliwahi kumshukuru mama yake kwa nafasi?

Walilia. Nilisema moyoni kwamba watu watalia, na walilia kweli, baada ya kucheka vile, na kulia kwa mtu aliyetoka kucheka hakuna ngao. Kina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wakajifungua kamba. Shija alikuja mbele na mabuti yake, hakujua anatakiwa kufanya nini akishafika mbele, akasimama tu pale karibu na magunia, mikono kaificha nyuma, anatokwa machozi, na baadaye alituambia mama yake yupo Songwa na hajampigia simu tangu apate dhahabu yake ya kwanza. Alitoka akampigia palepale nje ya mlango, tukiwa tunamsikia.

Wazee wa kanisa hawakukaa kikao. Mzee Luhende alikuja na kitambaa akanifuta mkono mwenyewe, akasema, "Mtaa ni wako. Lakini Kigiriki chako kipunguze kidogo."

Sikukipunguza, ila nimeapa. Nimeapa kwamba neno lolote nitakalopanda nalo mimbarini nalitaja kwanza kwa lugha ya mtu aliyevaa akatembea kuja kunisikiliza, hata kama linanichoma ulimi, ndipo nimtembeze linakotoka. Na nimeapa kutotia mkono kwenye chungu nisichokijua. Koti la kaka yangu mpaka leo linanuka mnada, na amekataa kulipokea.

Kule machimboni wananiita Mwinjilisti Koilia, watoto wananiita hivyo njiani, na mimi naitika. Kanisa letu la turubai limejaa mpaka watu wanakaa juu ya mawe ya karasha, ile mashine ya kusagia mwamba. Lakini kama mnataka kujua ushindi wangu uko wapi, hauko hapo. Kabula ananiambia huko Kishapu, mwaka mzima niliokuwa chuoni, watu walipomuuliza mama yake binti ameolewa na nani, alikuwa anabadilisha mazungumzo. Siku hizi haulizwi. Anaanza mwenyewe, kisimani, mnadani, popote, anasema mkwe wangu ni mhubiri, na wakimuuliza anahubiri nini anasimama vizuri, anaweka mkono wake hapo katikati, anawaambia.